Je, Ujumbe wa Simu Unatosha Badala ya Kwenda?



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ama baad:

Maswali yanayotufikia kuhusu simu za mkononi yamebadilika. Mwanzo watu walikuwa wakiuliza hukumu ya kuweka aya za Qur-ani kuwa mlio wa simu, au mtu afanye nini simu ikilia naye yumo ndani ya Swala. Sasa wanauliza mambo mazito zaidi. Jirani wa mtaa wa pili amefiwa, nami nimeshaandika maneno ya pole katika kundi la WhatsApp la mtaa. Je, haki yake imeshaondoka shingoni mwangu? Mama yangu yuko Wete na mimi niko mjini Unguja, nampigia simu kila Ijumaa. Je, nimeunga udugu? Wanangu nimewapeleka kwa bibi yao, wamekaa naye saa mbili nzima na kila mmoja ameinamia simu yake; je, na hiyo ni ziara?

Tumeona bora kuyajibu pamoja, kwa sababu mzizi wake ni mmoja: ipi haki ya Muislamu inayotimia kwa neno, na ipi isiyotimia ila kwa kuinuka na kwenda.

Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), Mtume (s.a.w.) ametaja haki tano za Muislamu kwa Muislamu mwenziwe: kumjibu salamu, kumtembelea mgonjwa, kusindikiza jeneza, kuitikia mwaliko, na kumwombea rehma anayepiga chafya. Zihesabu ndugu yetu uone. Salamu unaweza kuijibu kwa simu, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema tangu zamani kwamba salamu iliyokuja kwa barua nayo hujibiwa. Ya chafya lazima uwe karibu uisikie. Lakini mgonjwa, jeneza na mwaliko ni haki za miguu. Jeneza halibebwi kwa ujumbe. Maiti hakoshwi kwa ujumbe, na mwanandani hauchimbwi kwa ujumbe. Mtume (s.a.w.) ameahidi qirati moja kwa anayeliswalia jeneza na qirati mbili kwa anayekaa nalo mpaka likazikwa, na akazifananisha na milima miwili mikubwa. Ahadi hiyo imefungamanishwa na kuhudhuria.

Hapa baadhi ya watu hukimbilia upande wa pili wakasema basi pole ya simu haina maana. Hilo nalo si sahihi. Imamu Shafi mwenyewe, zilipomfikia habari kwamba Abdurrahman bin Mahdi amefiwa na mwanawe na ameshikwa na huzuni kubwa, alimwandikia barua ya kumliwaza, na Imamu Nawawi ameitaja katika kitabu chake cha al-Adhkar. Kwa hiyo pole ya maandishi ina asili katika dini, na aliye Maskati, Dubai au London akituma ujumbe au sauti ametenda jema na amepata ujira wake inshaAllah. Barua huandikwa kwa aliye mbali. Tatizo letu visiwani ni kwamba siku hizi tunaandikiana barua na watu ambao tukipiga kelele dirishani wanatusikia.

Ni hivyo hivyo katika kuunga udugu. Qadhi Iyadh, ambaye maneno yake Imamu Nawawi ameyanukuu katika sherehe ya Sahih Muslim, ameeleza kwamba kuunga udugu kuna daraja: ya chini kabisa ni kutohamana, na kuzungumza hata kwa salamu tu, kisha daraja hupanda kwa kadiri ya uwezo wa mtu na haja ya jamaa yake. Shikeni maneno hayo mawili: uwezo na haja. Kijana aliye Maskati anayempigia mama yake kila siku huenda amefika ukomo wa uwezo wake, naye ameunga udugu bila shaka. Nduguye anayekaa Fuoni, na mama yao yuko Mwanakwerekwe, akipiga simu hiyo hiyo bado hajafika, kwa sababu yeye ana uwezo wa zaidi, na mama ana haja ya zaidi. Mama anataka mtu wa kumsomea maandishi ya dawa, kumbadilishia mtungi wa gesi, kumtazama uso akajua kama anakula. Haya mtu hayaoni kwa simu. Mzee ukimuuliza hali kwa simu atakujibu "Alhamdulillah, mzima" hata kama jana alianguka chooni.

Yule wa Wete tuliyemtaja mwanzo yuko baina ya hawa wawili. Boti ina nauli, na kazi ina ruhusa zake. Tunachomwambia ni kwamba simu yake ya Ijumaa ni ya kheri aendelee nayo, lakini asiifanye kuwa sababu ya kutovuka bahari pale anapoweza.

Wala hatusemi kwamba simu ni adui wa kukutana. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha, habari zilitembea kwa simu kabla ya jua kuchomoza. Simu ndizo zilizowaamsha watu. Lakini waliookolewa waliokolewa na watu waliotoka na vyombo, wavuvi wakiwemo, na jamaa walikwenda Maisara kwa miguu yao kuwatambua maiti wao. Msiba ule ulionyesha simu inavyofaa: ilimwita mtu, naye akaenda. Leo mara nyingi ujumbe unafika, tunauandikia maneno mawili na kuweka alama ya mikono iliyoinuliwa kwa dua, kisha tunaendelea na kilichokuwa kikitushughulisha. Ujumbe uliokuja kutuita tumeugeuza kuwa ndio kwenda kwenyewe.

Na ubani vile vile. Kutuma fedha kwa simu kwa wafiwa ni jambo jema, na huenda likawafaa kuliko maneno mengi. Lakini Ja'far (r.a.) alipouawa katika vita vya Mu'ta, Mtume (s.a.w.) aliamrisha familia yake itengenezewe chakula, kwa sababu wamefikwa na la kuwashughulisha. Chakula kina mtu anayekipika na mtu anayekipeleka, na yule anayekipeleka ndiye atakayeona kwamba watoto hawajakoga na maji yamekatika. (Mas-ala ya kukaa matanga na khitma yana majibu yake, na hapa hatuyaingii.)

Sasa tuje kwa waliokwisha kwenda, wakafika, lakini hawapo.

Nasai amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alivaa pete, kisha akasema kuwa imemshughulisha na Maswahaba siku ile: mara anaitazama pete, mara anawatazama wao. Akaitupa. Tunaomba msomaji aizingatie Hadithi hii. Pete haizungumzi, hailii, haileti picha wala habari za mpira. Aliyekuwa ameivaa ni mbora wa viumbe. Na bado aliona kwamba mtazamo mmoja kwa pete na mtazamo mmoja kwa watu ni kuwapunja watu walio mbele yake. Katika sifa zake pia imepokewa kwamba alipomgeukia mtu alimgeukia kwa mwili wake wote. Basi itakuwaje kwa kitu kilichotengenezwa makusudi ili kisiachwe, na anayekishika ni mimi na wewe?

Hatusemi mtu aitupe simu yake baharini. Ina kazi zake na mali haipotezwi. Tunachosema ni kwamba unapokaa na mama, mke, mgeni au mgonjwa, iweke mbali na mkono. Ukiwa unasubiri simu muhimu waambie mwanzo, nao watakuelewa. Ikilia, omba ruhusa, toka nje uzungumze, kisha rudi.

Kuna jambo jengine ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni kosa. Mtume (s.a.w.) amekataza wakiwa watu watatu, wawili wasinong'onezane wakamwacha wa tatu, na ametaja sababu: hilo humhuzunisha. Hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Wanazuoni wameingiza humo watu wawili wanaozungumza kwa lugha asiyoifahamu wa tatu, kwa kuwa sababu ni ile ile. Basi wasichana wawili waliokaa chumba kimoja na binamu yao aliyetoka shamba, wakaandikiana kwenye simu, wakatazamana, wakacheka, na yeye akabaki kujiuliza kama anachekwa yeye, wanatofautiana vipi na wanaonong'onezana? Sisi hatuoni tofauti. Ama anayejibu ujumbe wa dharura hakusudiwi. Lakini aliyeishika simu kwa saa nzima mbele ya mgeni mmoja, japo hakumkusudia ubaya, amemfanya yule mgeni kuwa wa tatu.

Kuhusu baraza, Mtume (s.a.w.) alipowatahadharisha Maswahaba na kukaa njiani, wakamwambia kwamba hawana budi na vikao vyao hivyo vya mazungumzo, hakuwakatalia. Aliwaambia waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kutoudhi watu, kujibu salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Kwa hiyo baraza zetu za Mji Mkongwe na za ng'ambo, na vikao vya kahawa vya Pemba, vina nafasi yao katika dini vikitimiza masharti. Mtu mmoja akisoma habari kwenye simu kwa sauti na wenzake wakazijadili, hiyo ni baraza kama ilivyokuwa zamani kwa gazeti na redio. Ubaya ni pale wanaume sita wamekaa, kila mmoja na yake, masikio yamezibwa, mzee anapita na kutoa salamu na haitikii hata mmoja. Kujibu salamu kwa waliokaa kikundi ni faradhi ya kutoshelezana: akiitikia mmoja wametosheka, wakinyamaza wote wamepata dhambi wote. Asiyesikia kweli hana dhambi. Lakini ajiulize amekuja barazani kutafuta nini.

Na kuna baraza zilizonyamaza kwa sababu nyengine, nayo ni khofu. Watu wazima wameacha kusema mambo yao kwa kuwa hawajui nani anarekodi. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba mtu akizungumza jambo, kisha akageuka kutazama huku na huku, basi jambo hilo ni amana. Hakusema "usiseme", ametazama tu, na tayari imekuwa amana. Vipi mtu aliyekwambia ya ndani ya nyumba yake, ukamrekodi sauti ukaipeleka katika kundi la watu mia? Vipi aliyelala hospitali, umekwenda kumtembelea, ukampiga picha naye hajijui na ukairusha kuomba dua? Dua inaombwa kwa jina lake. Sura yake ya maradhi ni sitara yake, na mtembeleaji ameingia pale kwa ihsani ya mgonjwa.

Tukirudi kwa bibi na wajukuu, hatuwezi kusema saa zile mbili si ziara kabisa, maana wamefika, wamempa mkono, na shikamoo ameipata. Lakini bibi ana vitu ambavyo akiondoka navyo havirudi: nasaba ya ukoo, nani ametuoza kwa nani, shamba lile mipaka yake ilikuwa mikarafuu ipi, adabu za kumpokea mgeni, na hadithi zake za paukwa pakawa. Mzazi ana wajibu hapa kuliko mtoto. Njia moja tuliyoona inafaa ni kuigeuza simu ielekee kwa bibi. Mtoto amwonyeshe picha za jamaa walioko Oman, amuulize huyu ni nani, na huyo amezaliwa na nani, aiandike nasaba au amrekodi kwa ridhaa yake. Simu hiyo hiyo iliyowatenga sasa wameizunguka pamoja. Lakini anayeanza kuiweka chini awe baba au mama, kwani mtoto huigiza anachokiona.

Wapo ambao simu kwao ni rehma. Mwanamke aliyefiwa na mumewe yumo edani miezi minne na siku kumi, mwenye watoto wachanga, mgonjwa wa muda mrefu, mzee asiyeweza ngazi. Hawa hawalaumiwi kwa kutokwenda, na pole na pongezi zao za simu ni timamu. Haki yao ni kwamba sisi wenye miguu twende kwao, khasa aliye edani, ambaye wiki ya kwanza nyumba hujaa, na mwezi wa pili hubisha hodi muuza samaki tu.

Mwisho, wametuuliza baadhi ya dada: je, si ustaarabu kupiga simu kabla ya kwenda, au huko ni kuiga wageni? Tunajibu kuwa ni jambo jema. Qur-ani katika Suratun-Nur imeamrisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na atakayeambiwa arudi basi arudi, na hilo ni safi zaidi kwake. Kuuliza kwa simu "mpo, na wakati unafaa?" kunaingia katika maana hiyo. Akikwambia leo hapafai usikasirike, muulize siku gani. Na ukifika, hodi ya mlangoni iko pale pale.

Wallahu aalam.