Himoglobini Husimama Wapi?

Mtoto wa siku mbili kutoka kata ya Daa, wilayani Karatu, anaweza kupimwa selimundu kwa kile kipimo cha haraka cha kuchanganya damu na dawa, akaambiwa yuko salama, kumbe anao. Mpimaji hana kosa. Damu ya kichanga imejaa himoglobini F, ile ya tumboni, na himoglobini S inayoleta ugonjwa bado ni kidogo mno kuonekana kwa kipimo hicho. Hapo ndipo inapohitajika fokasi ya isoelektriki.

Mtambo wake hautishi: jeli nyembamba juu ya bamba la kupoozea, elektrodi mbili, na kifaa cha umeme wa volti zaidi ya elfu moja. Ndani ya jeli mna kemikali ambazo umeme ukipita hujipanga zenyewe, kutoka upande wa asidi hadi wa besi. Protini, kama himoglobini, inaposafiri humo chaji yake hubadilika, mpaka inafika pale chanya na hasi zinapolingana. Umeme hauna tena cha kuvuta, nayo inasimama. Ikiteleza kando kidogo inapata chaji na kurudishwa. Ndiyo maana mistari hutoka myembamba. Jeli ikipata joto, mistari hupinda. Anayenunua mtambo huu aulize kwanza habari za kipoozi na umeme wa akiba; skrini inaweza kusubiri.

Himoglobini S imetofautiana na A, ile ya kawaida ya watu wazima, kwa asidi amino moja tu katika mnyororo wa beta: nafasi ya 6, asidi glutamiki yenye chaji hasi imeipisha valini isiyo na chaji. Inatosha. A husimama karibu zaidi na anodi, yaani elektrodi chanya, kisha F, kisha S, zote nyekundu, unaziona kwa macho. Kichanga mwenye F, A na S ni mbebaji. Mwenye F na S bila A arudiwe kipimo kwa mbinu nyingine na aanze kliniki mapema.

Damu yenyewe husafiri ikiwa tone lililokaushwa kwenye karatasi. Uganda ilipima hivyo sampuli karibu 98,000 za watoto mwaka 2014 na 2015, Kampala: wabebaji asilimia 13.3, wagonjwa 0.7. Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo imetumia mbinu hiyo kwa karatasi zilizokusanywa kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto.

Huko Karatu, anayejaza fomu asiache kuandika kama mtoto amewahi kuongezewa damu. A ya mchangiaji hujipanga kwenye jeli kama vile ni ya mtoto mwenyewe.