Njaa Yenye Ahadi: Kwa Nini Wahindu Hufunga

Hakuna mwezi mmoja ambao Wahindu wote wanawajibika kufunga, kama Waislamu wanavyowajibika Ramadhani. Katika familia moja ya Gujarat, baba anaweza kufunga kila Jumatatu kwa ajili ya mungu Shiva, shangazi akashika siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi mwandamo kwa ajili ya mungu Vishnu, na kijana wa nyumba asifunge kabisa, na bado akawa Mhindu asiyenyooshewa kidole. Mmoja hagusi hata maji, mwingine hunywa maziwa na kula matunda, na wa tatu huacha nafaka tu. Kwa kuwa siku, chakula na muda vimeachwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa mtu na dhehebu lake, swali la nia linakuwa zito kuliko la sheria: mtu asiyeshurutishwa anajinyima kwa nini? Watazamaji wa nje huwa na majibu mawili ya haraka. Wapo wanaosema ni biashara na miungu, njaa inalipwa na baraka inapokelewa. Wengine husema ni dini inayouchukia mwili. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yanapitwa na kiini cha jambo. Mfungo wa Kihindu unabebwa na ahadi. Mtu huingia na haja yoyote aliyo nayo, kubwa au ndogo, kisha taratibu za mfungo humzoeza kulitunza neno lake mbele ya Mungu, hadi ile haja aliyoingia nayo inaanza kumlegea mkononi.

Tazama namna mfungo unavyoanza. Katika nadhiri kamili ya ibada, inayoitwa vrata, mwenye kufunga huoga asubuhi, huketi mbele ya sanamu au picha, na huweka maji kidogo kwenye kiganja cha mkono wa kulia. Hutaja mahali alipo, tarehe ya mwezi mwandamo, jina lake na ukoo wake, mungu anayemwelekea na jambo alilokusudia. Kisha huyaachia maji yamwagike. Tendo hilo ni sankalpa, kutia nia, na bila hilo kushinda na njaa hakuhesabiwi ibada. Tangu hapo tumbo huwa sehemu moja tu ya mzigo. Aliyefunga hutakiwa kujizuia na uongo, ugomvi, matusi na tendo la ndoa. Husoma au husikiliza kisa cha nadhiri hiyo, na mara nyingine hukesha kwa nyimbo za ibada. Nadhiri ya muda mrefu, kama ile ya Jumatatu 16 mfululizo, hufungwa rasmi kwa ibada ya mwisho, na humo kulisha watu na kutoa sadaka ni sehemu ya sharti. Sura ya 17 ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, huweka nidhamu katika mafungu matatu, ya mwili, ya ulimi na ya moyo, na huipima kila moja kwa nia iliyoibeba. Anayejinyima ili asifiwe amewekwa daraja ya chini, na anayejitesa au kujinyima ili kumdhuru mwenzake amewekwa chini zaidi.

Mfano ulioandikwa vizuri ni wa Putlibai, mama yake Mohandas Gandhi. Katika tawasifu yake, Gandhi anamkumbuka mama huyu wa Porbandar akishika mifungo ya miezi minne ya mvua, kipindi ambacho waumini wa Vishnu huamini Mola wao amelala. Mwaka mmoja aliweka nadhiri ya kutokula siku ambayo hajaliona jua. Msimu wa masika, jua la Gujarat hujificha mchana kutwa. Watoto wake walisimama nje wakiyakodolea macho mawingu, na jua likichungulia walimkimbilia kumwita. Akitoka, mara nyingi lilikwisha kuzama tena kwenye wingu. Hakulalamika wala hakutafuta mwanya wa kuikwepa nadhiri. Aliridhika kwamba siku hiyo Mungu hakutaka ale, akarudi kwenye kazi zake kwa uso wa furaha. Hapa hakuna kitu kinachonunuliwa. Mama huyu alikuwa ameikabidhi saa ya kula kwa mamlaka isiyo yake, na uhuru aliouonyesha mbele ya sahani tupu ndio uliomwathiri mwanawe maisha yake yote.

Pingamizi la biashara, hata hivyo, lina ushahidi wake. Visa vinavyosomwa siku za nadhiri vimejaa ahadi za mume mwema, mtoto, afya na mali. Mwaka 1975 filamu ya Kihindi iitwayo Jai Santoshi Maa ilivuma India nzima, na wanawake wengi wa mijini wakaanza kufunga Ijumaa kwa ajili ya mungu wa kike Santoshi wakiwa na shida zao za nyumbani. Lakini angalia anachoombwa kutoa mwenye shida hiyo: dengu na sukari guru, vitu ambavyo hata maskini havimshindi, na kujiepusha na kila kitu kichachu kama ndimu na ukwaju. Nadhiri hiyo huhitimishwa kwa kuwalisha watoto. Mwanamke aliyeingia akiomba riziki ya nyumba yake anatoka akiwa amepika kwa ajili ya watoto wa wenzake. Mtafiti Anne Mackenzie Pearson alichunguza mifungo ya wanawake wa Banaras na kuchapisha kitabu mwaka 1996. Jina la kitabu chenyewe limebeba jibu la kwamba mfungo humpa mtu utulivu wa moyo. Haja inaweza kukawia kujibiwa, na wapo wanaoendelea kufunga miaka na miaka. Mfanyabiashara asingevumilia hesabu ya namna hiyo.

Zaidi ya hayo, mapokeo ya Kihindu yenyewe yanaikosoa nia ya kutafuta nguvu. Ravana na Hiranyakashipu, wafalme wa mashetani katika visa vya kale, walijitesa kwa ukali wa kutisha, wakapewa walichoomba, na kiburi cha walichopewa kikawaangamiza. Kisa kinachofundisha zaidi ni cha mfalme Ambarisha katika Bhagavata Purana. Alikuwa amemaliza mwaka wa kufunga siku ya 11, na alipaswa kufungua kabla siku ya 12 haijapita. Mtawa Durvasa akafika kama mgeni, akakubali kula, kisha akaenda mtoni kuoga akachelewa. Akila kabla ya mgeni, mfalme atakuwa amevunja adabu. Asipokula, atakuwa ameharibu mfungo. Baada ya kushauriana na makuhani alikunywa funda la maji, jambo linalohesabika kuwa amekula na pia hajala. Durvasa aliporudi alighadhibika, akalitoa zimwi kichwani mwake limuue mfalme. Gurudumu la Vishnu, silaha yake, likaliteketeza zimwi na kumfukuza mtawa ulimwengu kwa ulimwengu, mpaka aliporudi kumwangukia yule yule aliyetaka kumwua. Ambarisha alimwombea gurudumu litulie. Kwa mwaka mzima wa mbio hizo alikuwa akimngoja mgeni wake kwa maji tu, na hata hapo alimlisha yeye kwanza. Durvasa alikuwa bingwa wa kujinyima, na kujinyima kwake hakukumfundisha kuimeza hasira. Kisa hiki kinaweka mizani wazi: mfungo hupimwa kwa jinsi mtu anavyowatendea wengine akiwa na njaa.

Ama wanaosema Wahindu huuchukia mwili, wajibiwe na Gita hiyo hiyo, inayofundisha katika sura ya 6 kwamba yoga haimfai anayekula kupita kiasi wala anayejinyima kupita kiasi. Bhima, shujaa wa Mahabharata mwenye tumbo lisiloshiba, anasimuliwa kuwa alishindwa mifungo 24 ya siku ya 11 katika mwaka, akaruhusiwa kufunga mmoja bila chakula wala maji na kupata thawabu za yote. Mfungo huo huangukia kilele cha joto la kaskazini ya India. Udhaifu wake ulipewa njia, haukudharauliwa. Wagonjwa, wajawazito na watoto husamehewa au hupunguziwa. Wakosoaji wengine hugeuka upande wa pili: mbona jikoni siku ya mfungo kunanukia vizuri hivyo? Katika nyumba za Gujarat na Maharashtra, tembe nyeupe za wanga wa muhogo hulowekwa usiku, na asubuhi hukaangwa kwa samli pamoja na viazi, bizari nyembamba, pilipili mbichi, karanga zilizotwangwa na chumvi ya mawe. Wahamiaji kutoka Gujarat na Kutch waliofika Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam walikuta mihogo na viazi vitamu, wakaviingiza katika chakula cha siku hizo. Ni kweli kwamba mtu anaweza kuvimbiwa akijiita amefunga, na wahubiri wa Kihindu hulikemea hilo. Hata hivyo, kuacha wali, chapati na dengu za kila siku kunamlazimu mtu kukumbuka nadhiri kila anapokaribia jiko, na kukumbuka huko ndiko kunakotafutwa.

Pingamizi lililo zito kuliko yote linahusu wanawake. Siku ya nne baada ya mwezi mpevu, mwanzoni mwa mwezi wa Kartika, kaskazini ya India, wake hufunga bila maji tangu alfajiri ili waume zao waishi maisha marefu. Katika Punjab mama mkwe humwandalia mkaza mwana chakula cha kabla ya mapambazuko, mfano wa daku. Usiku mke huutazama mwezi kupitia chekeche, kisha mumewe humpa funda la kwanza la maji. Anayeuliza kwa nini mume hakufunga anauliza swali la haki, hata kama siku hizi wapo waume wanaofunga pamoja na wake zao. Ahadi ni ahadi pale tu mtu alipokuwa na uwezo wa kukataa. Mke anayefunga kwa kuogopa masimango ya wakwe ametiliwa nia na wengine, na mapokeo yanayoipima ibada kwa nia hayawezi kuutetea mfungo wa namna hiyo. Lakini kuiona mifungo yote ya wanawake kuwa minyororo ni kuwapora kitu walichokijenga wenyewe. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha kanuni za Kihindu, zilimkataza mwanamke kuwa na nadhiri yake mbali na mume. Wanawake waliendelea kuziweka, wakasimuliana visa vyake wao kwa wao, mara nyingi bila kuhani. Savitri, anayekumbukwa wanapozungusha uzi kwenye mti wa mbaniani, alifunga siku tatu kisha akamfuata Yama, mungu wa mauti, akajadiliana naye hadi akamrudishia mumewe. Mfungo ulimpa ujasiri wa kusema.

Hatari ya mwisho ni kuitumia njaa kumbana mwingine. Septemba 1932 Gandhi, akiwa gereza la Yerwada, alianza kufunga hadi kufa kupinga kura za peke yao kwa watu wa tabaka lililotengwa. B. R. Ambedkar, kiongozi wao, alilazimika kuridhia mapatano ya Poona siku chache baadaye, kwa kuwa kifo cha Gandhi kingewaletea watu wake maafa. Gandhi aliuona mfungo huo kuwa wa kuwatakasa Wahindu wa tabaka za juu, na ni kweli baadhi ya mahekalu na visima vilifunguliwa kwa waliotengwa. Lakini lawama ya Ambedkar ina uzito wake: njaa ya mtu mmoja mashuhuri iliamua suala la mamilioni. Ahadi ambayo gharama yake inabebwa na mwingine imeacha kuwa nidhamu ya nafsi, hata kama aliyeitoa ni mtu mwema.

Linganisha na mahujaji wa Sabarimala huko Kerala, ambao kwa desturi hushika nadhiri ya siku 41 kabla ya kupanda mlimani: huvaa shanga za nadhiri, huacha nyama, pombe na tendo la ndoa, na wengi hutembea bila viatu. Katika siku hizo kila mmoja huitwa Swami, yaani bwana, awe hakimu au mbeba mizigo. Mzigo wameubeba wenyewe, na faida ya kwanza inayoonekana ni heshima wanayopeana. Kipimo hicho kinatosha kuwahukumu wote tuliowataja. Haja ya mtoto, ya ndoa au ya afya haiuchafui mfungo, kwa sababu binadamu humwendea Mungu akiwa na shida zake. Unaouchafua ni ukaidi wa kutaka kutoka kama ulivyoingia. Aliyejinyima kwa hiari yake, akalinda ulimi wake na kumlisha mwenzake kabla ya kula, amepata mabadiliko ambayo nadhiri iliwekwa ili kuyaleta, hata kabla ombi lake halijajibiwa.