Simu ya Bibi na Namba ya Siri

Wiki iliyopita, baada ya swala ya alasiri, tulimzuru bibi yetu mmoja mtaani Majengo, Pumwani, katika Eastlands ya Nairobi. Tulimkuta na simu mpya aliyonunuliwa na mjukuu wake, imewekwa programu ya kumkumbusha dawa za presha na siku za kliniki. Hakuwahi kuitumia. Kila alipoigusa ilidai namba ya siri, na namba hiyo ilitumwa kwenye simu ya mjukuu, aliyekuwa kazini Gikomba. Mjukuu alipopigiwa na kuisoma, muda ulikuwa umekwisha. Bibi akatuonyesha dawa zake alizozifunga katika pindo za leso, fundo moja la asubuhi na jingine la jioni. Leso, alisema, haimuulizi yeye ni nani.

Tulicheka naye, lakini njiani tulitafakari. Bibi huyu hakushindwa na simu. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na hadi leo yeye hutuma mchango wa harusi na wa maziko bila kumwomba mtu msaada. Orodha yake ni fupi, hutumika hata kwenye kabambe, na pesa zikifika ujumbe humthibitishia. Laiti waundaji wa programu za afya wangalianzia hapo! Maandishi yawe makubwa, kila ukurasa na jambo moja, kitufe cha kurudi kisihamehame, na muda uwatoshe wenye vidole vinavyotetemeka. Zaidi ya yote, iwepo sauti ya Kiswahili cha nyumbani. Wako wazee wetu waliohitimu msahafu chuoni ambao hawakupata kukaa darasani kujifunza herufi za Kizungu. Hao tusiwaite wajinga.

Wala jambo hili si la anasa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mtu anaweza kujisajili kwa kupiga *147#, njia isiyohitaji simu ya bei kubwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii nao, waliozinduliwa nchini Septemba 2023, hupita nyumba kwa nyumba wakiwa na simu mkononi.

Lipo pia la stara. Mama akisajiliwa kwa namba ya mwanawe, habari za maradhi yake husomwa na mwana, pengine na mkaza mwana, kabla hazijamfikia mwenyewe. Yako maradhi ambayo mama hapendi mkwewe ayajue. Basi tumsajili kwa namba yake, tuketi naye, na abonyeze kwa kidole chake mwenyewe. Vijana wetu, Mungu awahifadhi, wana mazoea ya kumpokonya simu na kummalizia.

Jumamosi tulirudi Majengo. Mjukuu alikwisha kubadilisha namba, na ujumbe wa kwanza ulipolia, bibi alivaa miwani, akausoma polepole kwa sauti, kisha akafungua fundo la jioni.