Plagi Kuingia Si Volti Kulingana

Nyuma ya kompyuta nyingi kuukuu za mezani kuna swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye namba mbili: 115 na 230. Mkazi wa Matisi, viungani mwa Kitale, akinunua mtumba uliotoka Marekani, swichi hiyo ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Stima ya nyumbani Marekani ni volti 120. Ya Kenya ni 240.

Akisahau, hesabu ni kali. Kilele cha wimbi la volti 240 hufika takribani 340. Swichi ikiwa kwenye 115, sakiti ya pawa saplai huzidisha kilele hicho maradufu, karibu volti 680, na kuzigawa kwa kapasita mbili ambazo kwa kawaida kila moja imeundwa kuhimili 200 tu. Kila moja hubebeshwa 340. Hulipuka papo hapo, na chumba hujaa moshi. Pawa saplai iliyoandikwa 100–240 haina haja ya swichi. Hujirekebisha yenyewe, na hilo ni jambo la kulilipia zaidi.

Ndani ya kesi mambo ni ya upole kidogo. Tangu Intel ilipotoa mpangilio wa ATX mwaka 1995, rangi za nyaya zimekuwa lugha ya mafundi: manjano ni volti 12, nyekundu 5, machungwa 3.3, nyeusi ni ardhi, na zambarau ni volti 5 zinazobaki hai hata kompyuta ikizimwa, mradi plagi iko ukutani. Kijani kikiunganishwa na nyeusi, pawa saplai huwaka bila bodi, na fundi hupima kwa mita. Waya wa manjano usomeke kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Nje ya hapo, pawa saplai hiyo isifungwe kwenye mashine ya mtu.

Rangi hizo, hata hivyo, haziaminiki kila mahali. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Dell iliuza kompyuta zenye plagi inayofanana na ya ATX huku nyaya zake zikiwa zimepangwa vingine. Pawa saplai ya kawaida huingia humo bila kulazimishwa, kisha bodi huungua. OptiPlex 9020 ya mwaka 2013 angalau hujitangaza: plagi yake kuu ina pini 8 badala ya 24, kwa hiyo mtu hutafuta adapta, na adapta hiyo lazima iwe ya modeli ileile.

Tatizo jingine halionekani kwa macho. Bodi nyingi za zama za Pentium III huvuta umeme wa prosesa kutoka volti 5. Kuanzia Pentium 4 kazi hiyo ikahamia volti 12. Pawa saplai mpya ya wati 400 huweka karibu nguvu zake zote kwenye 12, hivyo inaweza kushindwa kuendesha mashine ya zamani isiyohitaji hata nusu ya wati hizo. Jibu liko kwenye lebo, si kwenye namba kubwa ya kwenye kasha: ampea 16 mara volti 12 ni wati 192, na kila volti ina mstari wake.

Kisha kuna feni yenye kelele. Mbinu maarufu ni kuifunga kati ya manjano na nyekundu ili ipate volti 7. Ni mbinu mbaya. Mkondo wa feni hurudi kwenye njia ya volti 5, ambayo haikuundwa kupokea, na feni ikipata shoti, volti 12 huingia moja kwa moja palipo na diski. Heri nyekundu na nyeusi, volti 5 kamili, baada ya kuhakikisha kwamba feni inaanza kuzunguka yenyewe.

Sanduku la pawa saplai lenyewe lisifunguliwe na asiye fundi wa umeme. Kapasita zake huweza kushika mamia ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa. Likiharibika, libadilishwe zima.