Nyumbani: Makao ya Watoto Wenye VVU
Makao ya Nyumbani, mtaani Karen jijini Nairobi, yalianzishwa mwaka 1992 na Angelo D'Agostino, padre Mjesuiti aliyekuwa pia daktari, kwa ajili ya yatima wenye VVU. Miaka ya mwanzo, kabla dawa za kupunguza makali hazijapatikana kwa urahisi, wengi walifariki wakiwa wadogo. Dawa zilipofika, watoto walikua, wakataka kusoma. Shule za umma zikawakatalia. Hiyo ilikuwa dhuluma tupu. Makao yalikwenda mahakamani, na Januari 2004 serikali ikakubali waandikishwe. Mwaka 2006 kilianza Kijiji cha Nyumbani huko Kitui, ambako nyanya au babu mmoja hulea watoto wapatao 10, wajukuu wake pamoja na yatima wengine, na shule zimo humo humo kijijini.