Kamera ya mlangoni ibaki mlangoni

Nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Maskati siku hizi zina kengele ya mlangoni yenye kamera. Mgeni anabonyeza, na wewe hata ukiwa umekwenda Unguja unamuona kwenye simu na kumjibu. Mie ninayo na siiachi. Kushuka ngazi kwa kila mleta vifurushi, kwa umri huu, si mchezo.

Lakini kamera hizi zimeanza kuingia ndani. Nimeziona sebuleni, nimeziona vyumba vya watoto, mpaka mahali wanawake wanapokaa bila ya mtandio. Hapo nina neno.

Mwaka 2023 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, iliishtaki Ring, kampuni ya Amazon inayotengeneza kamera hizi. Tume ilisema kuwa mwaka 2017 mfanyakazi mmoja alitazama kwa miezi kadhaa maelfu ya video za wateja wanawake, zikiwemo za vyumba vya kulala na vya kuogea. Wala hakuwa mwizi wa mtandaoni, alikuwa mtu wa humo humo. Ring ikakubali kulipa dola milioni 5.8.

Sasa mtu atauliza, kwa nini video zisifungwe asizione yeyote? Kufuli ipo, na Ring wanayo: ukiiwasha, video inafunguka kwenye vifaa ulivyoviruhusu wewe tu. Ila kengele haitaweza tena kukwambia kwamba aliyepita ni mtu na si paka, wala hutaitazama video kwenye skrini ya Echo Show. Kompyuta za kampuni ndizo zinazopambanua mtu na paka, nazo haziwezi kupambanua zisichokiona.

Kwa hiyo mlangoni mie nawaachia watazame, mradi kamera isielekee kwa jirani. Ndani ningefunga kufuli, na paka anipite tu.

Oman tunayo sheria ya kulinda taarifa za mtu, Amri ya Kifalme namba 6 ya 2022, na inataka ridhaa yako kwanza. Ridhaa yenyewe, wallahi, wengi tunaitoa kwa kubonyeza "nakubali" bila kusoma. Na shangazi aliyekuja kukutazama, akavua buibui lake sebuleni, yeye hakubonyeza chochote. Wala dada wa kazi. Waambie kamera iko wapi, au izime kabla hawajapiga hodi.