Gari linanguruma nusu saa, unachemsha makande?

Pita Mukendo au Nyasho pale Musoma alfajiri, utasikia gari linanguruma uani peke yake. Mwenyewe yuko ndani, mara anaoga, mara anatafuta soksi. Muulize, atakujibu bila wasiwasi: “Napasha injini, bwana!”

Baridi ipi hiyo, mshikaji? Tangu lini mtu wa Bunda au Butiama akaamka na kukuta maji ya rejeta yameganda?

Wa kuwahurumia ni ndugu zetu walioko Winnipeg na Edmonton, Kanada. Kule baridi hufika nyuzi 30 chini ya sifuri na oili inakuwa nzito kama asali. Dawa yao ni hita ya umeme inayofungwa kwenye injini yenyewe. Usiku unachomeka waya ukutani kama wa pasi, asubuhi injini iko vuguvugu, inawaka chapchap. Mmarekani Andrew Freeman wa North Dakota alipewa hataza ya hita ya namna hiyo mwaka 1949.

Sisi hita hatuihitaji, ila kuna kidude tunakitupa kwa mikono yetu: thamostati. Huu ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, mara nyingi kati ya nyuzi 80 na 90. Gari likichemsha, mafundi wengine hukimbilia kuking’oa: “Nchi ya joto hii, cha nini?”

Hapo ndipo unapoliwa. Injini inachelewa kupata moto, na ukishika lami ya Bunda mshale wa joto unashuka tena. Injini ikiwa ya baridi hunywa petroli zaidi, plagi zinashika masizi, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda. Chuma kinasagana na chuma. Na ugonjwa wenyewe, iwe rejeta iliyoziba, feni mbovu au mfuniko uliolegea, umebaki palepale!

Kwa hiyo fanya hivi. Gari la kisasa ukishaliwasha, lipe nusu dakika au dakika moja, kisha ondoka taratibu bila kukanyaga mafuta kwa fujo. Kilomita chache za mwanzo zitapasha injini, giaboksi na matairi kwa pamoja. La zamani lenye kabureta na choki livumilie dakika mbili tatu. La dizeli, subiri taa ya hita plagi izime ndipo upige stata. Na kama thamostati iling’olewa, mwambie fundi arudishe nyingine.

La mwisho si la mzaha. Usiungurumishe gari ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua mtu kimyakimya akiwa usingizini.

Kunywa chai yako kwanza. Ukimaliza, ndipo uwashe gari.